Hirizi ya Kaporali

Kabambare, tarehe 7, mwezi wa sita 1937

Kwa Mama Faida, Hawa binti Assumani, Kasongo,

Kama barua hii imefika mukononi mwako bila kulowa jasho la Gaston, dereva wa kamyo, basi nipokee. Ni mimi Faradji, yule yule uliyemwambia, "Utarudi kabla mihogo haijaiva." Mihogo iko inaiva, na mi sirudi. Nimepata kazi inayozidi zote nilizofanya, na unajua nimefanya nyingi. Nimekuwa baharia wa meli ya Lualaba. Nimeuza samaki Stanleyville. Nimepikia Muzungu supu kule Élisabethville mupaka akatoa machozi. Yeye alisema ni pilipili, lakini mi naijua furaha nikiiona.

Sasa mi ni saisi. Waeleze majirani vizuri: saisi ni mutu anayetunza farasi. Si punda kama wale wa baba yako wa kubeba chumvi. Farasi! Kutoka Kasongo mupaka Kabambare na kupita, farasi iko mumoja tu, na huyo mumoja iko chini ya mukono wangu. Jina lake Kaporali. Mwekundu kama udongo wa njia ya Lusangi, na akitembea utasema ndiye anayelipisha watu kodi. Bwana wake ni Muzungu wa shamba la kahawa huku kilimani. Tunamwita Bwana Tumbaku, maana kiko hakimtoki mudomoni hata akikohoa. Alimnunua Kaporali kule Katanga, akaja naye kwa treni na kwa miguu. Huku juu upepo ni mwingi, mbung'o hawapandi, na mi nawasha moshi zizini ili hata mbung'o mujinga akipanda, ajute.

Nilipataje kazi? Bwana Tumbaku alitusimamisha watu kumi na wawili akauliza, "Nani anajua farasi?" Wote wakaangalia miguu yao. Mi nikasema, "Bwana, mimi. Nilitunza farasi arobaini wa sultani huko pwani." Usicheke. Nilitaka kusema mia, nikaogopa ataniuliza majina yao.

Sasa sikia neno lenyewe. Saisi anapewa nyumba. Matofali, vyumba viwili, mabati mapya, mulango unaangalia zizi. Nyumba ya kukaa wewe na Faida, tusiwe tena mi huku na ninyi huko kama watu walioachana. Lakini Bwana amesema ufunguo atampa saisi atakayemtandika Kaporali bila damu kumwagika. Kwa sababu Kaporali iko na kamuchezo kake. Ukimsugua na burushi, anageuza shingo anakufinya kwa meno. Ukimvika tandiko na kuvuta mukanda wa tumbo, anakufinya tena. Ni upendo tu. Masaisi wawili walionitangulia hawakuuelewa huo upendo, wakakimbia.

Kuna rafiki yangu hapa, si mimi, anauliza: baba mukwe alifanyaje na yule punda wake aliyekuwa anauma wachuuzi? Uliza kwa ajili ya rafiki. Na umwombe Mwalimu Atumani aandike hirizi ya kukinga meno. Hiyo pia ni ya rafiki.

Mume wako,
Faradji, Saisi Mukuu wa Kabambare

*

Kasongo, tarehe 14, mwezi wa sita 1937

Kwa Baba Faida,

Salamu. Sisi wazima. Faida ameota jino la nne na anauma kila anayembeba, kwa hiyo habari za Kaporali hazikutushangaza. Tulisema, kumbe ana ndugu huko.

Umeandika kwa herufi za misioni ili uonekane msomi. Wewe unajua mimi nasoma herufi za chuo cha Kurani tu, zile baba alizonifundisha. Ikabidi Gaston anisomee. Alisoma uani, kwa sauti ya katekista, mbele ya wanawake wanane waliokuwa wanatwanga. Alipofika kwenye farasi arobaini, Célestine aliangusha mchi. Sasa Kasongo nzima inasema farasi amekula sikio lako. Wengine wanasema yote mawili, ndiyo maana husikii ukiitwa nyumbani. Tafadhali, siku nyingine andika kwa herufi zetu. Gaston hazijui.

Mwambie rafiki yako hivi. Na si maneno ya baba, ni yangu, maana yule punda nilimtandika mimi tangu nina miaka kumi. Baba alikuwa anamwogopa.

Amfunge kamba fupi, kichwa kisifike mgongoni kwake. Asisimame mbele ya mdomo kama mtu anayeomba msamaha. Asimame begani, uso wake uangalie mkia, na kiwiko chake kiwe juu, kati ya mwili wake na meno. Mnyama akigeuka atakigonga kiwiko mwenyewe. Asimpige. Ukimpiga mdomoni anajifunza jambo moja tu: kesho aume upesi zaidi, ili apate nafasi ya kukwepa. Lakini akijigonga mwenyewe, atamlaumu nani?

Burushi aianzie pale shingo inapokutana na mgongo, wanapenda kukunwa pale. Tumboni aweke burushi chini, atumie kiganja. Mkanda asiuvute mara moja kama anayefunga mzigo wa kuni. Auvute kidogo, amtembeze, auvute tena, amtembeze, ndipo amalize. Na asimpe kitu cha kula mkononi. Nakujua. Mfukoni una vipande vya muwa. Kila siku unamfundisha kwamba kwenye nguo zako kuna chakula, halafu unashangaa anazitafuna.

Hirizi hii hapa. Mwalimu Atumani aliandika, fundi viatu akaifunga kwa ngozi ya mbuzi na waya wa shaba pembeni, ina pembe nne na imekuwa ngumu kama kokwa. Ifunge mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Mwalimu hakutaka shukrani. Alitaka tu kujua kama wale farasi arobaini walikuwa na majina.

Hawa

*

Kabambare, tarehe 22, mwezi wa sita 1937

Kwa Hawa wangu, mke wa mutu mukubwa,

Naandika kwa herufi zetu. Gaston ameichukua barua akaigeuza juu chini kama mutu anayenunua samaki wa jana, akaguna, akaiweka mufukoni. Hapo tumemuweza.

Rafiki yangu anakushukuru sana kwa habari ya kiwiko. Siku ya kwanza Kaporali aligeuka kwa nguvu zote akagonga pua yake, pa! Akaniangalia. Mi nikaangalia mawingu. Siku ya pili aligonga polepole. Siku ya tatu aligeuza shingo, akakiona kiwiko, akafikiri, akarudisha kichwa mahali pake. Sasa nikimsugua anasinzia, mudomo wa chini unaning'inia kama wa jaji wa barza aliyechoka na kesi. Watu wa shamba wakaja kutazama. Grégoire, mupishi wa Bwana, akauliza, "Wee Faradji, ujanja huu umeutoa wapi?" Nikamwambia ni siri ya sultani. Nisamehe. Jina lako lilikuwa kwenye ulimi lakini likateleza.

Muwa nimeacha. Umejuaje?

Kwenye mukanda wa tumbo tu ndiyo bado tunazungumza, mi na yeye. Burushi anakubali, tandiko likiwekwa mugongoni anakubali, lakini mukanda ukifika anakuwa mutu mwingine kabisa. Na juzi Bwana Tumbaku alikuja kutazama, akasimama karibu, Kaporali akang'oa kifungo cha kizibao chake akakimeza. Bwana hakupiga kelele. Alitoa kiko mudomoni, jambo ambalo hatujaliona hapa, akasema polepole: "Madamu wangu anafika. Jumamosi tarehe 10 ya mwezi wa saba, asubuhi, atampanda. Huyu akimwonyesha Madamu meno, nitamupiga risasi hapo hapo alipofungwa."

Kwa upole hivyo. Ndiyo inayonisumbua.

Na farasi akifa, saisi ni wa nini? Nyumba itapewa mutu wa mashine ya kahawa, na mi nitashuka kilima kurudi kulima pamba ya lazima pamoja na kaka zako, kila jioni nikiwasikiliza wakiuliza habari za sultani.

Lakini wewe usiogope, kwa maana mi siogopi. Nimekwisha kuvuka Lualaba iliyofurika kwa pirogi iliyotoboka. Hirizi iko mahali pake, inafanya kazi. Mbusu Faida, uangalie vidole vyako.

Faradji, Saisi

*

Kasongo, tarehe 28, mwezi wa sita 1937

Kwa Baba Faida,

Gaston hajui kusoma herufi zetu, lakini macho anayo. Amesema alikuona sokoni Kabambare unakunywa chai kwa mkono wa kushoto, na wa kulia umeufunga kwa kitambaa shingoni. Alipokusalimu ulimwambia ndiyo mtindo wa masaisi wa Ulaya.

Faradji, mimi nimeolewa na mtu wa hadithi, nilijua tangu siku ile uliyokuja kwa baba ukasema umekula mamba na mamba amekula wewe, mkatoka sare. Hadithi zako nazipenda. Ukiwa hupo, huu ua ni kimya mno. Lakini hadithi ni kitu kimoja na kunificha jeraha ni kitu kingine. Niandikie. Alikuuma wapi, na meno mangapi?

Na kuna neno jingine linanizunguka kichwani. Mnyama anayekubali burushi na kukataa mkanda, hana jeuri. Jeuri haichagui mahali. Huyo anakuonyesha kitu. Pitisha kiganja chako nyuma ya kiwiko chake, pale mkanda unapokaa, taratibu. Kuna pahali anapotetemeka? Yule punda wetu mwaka ule wa nzige aliuma watu wiki nzima, kumbe kulikuwa na mwiba kwenye kamba.

Tena umeniambia "hirizi iko mahali pake." Mahali pake ni mkono wako wa kushoto. Mbona hukuandika "iko mkononi"?

Hawa

*

Kabambare, tarehe 4, mwezi wa saba 1937

Mama Faida,

Leo sina utani. Au ninao kidogo tu, wa njiani.

Ni bega la kulia. Alinishika tarehe 17 nilipokuwa navuta mukanda, kwa pembeni, na tena tarehe 20. Musaidizi wa dispanseri alipaka dawa ya kuchoma na kusema nimshukuru Mungu mufupa haukuguswa. Si kama zamani alipokuwa anafinya. Sasa anauma. Na kila siku anazidi, wakati mi kila siku namtendea vizuri zaidi. Mukanda nauvuta kidogo kidogo, mara tatu, namtembeza, kama ulivyosema. Bure. Nikipitisha kiganja pale nyuma ya kiwiko cha kushoto, ngozi yake inacheza na masikio yanalala kabla sijagusa. Nilifikiri ni jeuri. Sasa sijui.

Na kitu kimoja sikukuandikia, maana si cha mwanaume kuandika. Huyu farasi akisikia hatua zangu asubuhi, ananiita. Sina muwa, sina kitu, ananiita tu. Ananiuma mi bega, halafu kesho ananiita. Bwana Tumbaku ameshasafisha bunduki. Imewekwa pale nyuma ya mulango wa ofisi, nikienda kuchukua mafuta ya ngozi naiona.

Umeuliza habari ya hirizi. Hapo utanisifu. Mi nilifikiri hivi: nikiifunga mukononi kwangu, itamkinga mutu mumoja. Na Madamu je? Na Bwana, na vifungo vyake? Mwenye ugonjwa ndiye anayekunywa dawa, si jirani yake. Kwa hiyo siku ile ile ilipofika, tarehe 16, niliishona ndani ya mukanda wa tumbo, upande wa kushoto, karibu na moyo wake, kwa uzi wa katani mara mbili, ili iguse ngozi na dawa iingie upesi. Saisi wa dunia nzima hajawaza hilo. Ila naona inachelewa. Labda Mwalimu Atumani aliandika ya punda.

Siku zimebaki sita. Mwombe aandike ya pili, kubwa zaidi. Nitaishona upande wa kulia.

Faradji

*

Kasongo, tarehe 7, mwezi wa saba 1937

Faradji,

Kata.

Kata huo uzi kabla hujamaliza kusoma. Umeshona kokwa ndani ya mkanda, halafu kila siku unaivuta kwenye mbavu zake. Tarehe 16 umeishona, tarehe 17 amekuuma. Soma hizo tarehe mbili, umeziandika mwenyewe. Chukua kokwa, iweke chini ya mkanda wa suruali yako, mwambie Grégoire auvute kwa nguvu zote, kisha akusalimie kwa upole. Tuone kama hutamuuma.

Nilikuambia mkono wa kushoto.

Kamyo ya Gaston iko darajani bila mpira, haitapanda kabla ya Jumatatu. Nampa Musafiri, muuza nguo, ana baiskeli na anakuja soko la huko. Nimemwambia asiuze hata kitambaa njiani.

Ukikuta ngozi imechubuka, usimtandike, hata Madamu akiwa amesimama hapo na viatu vyake. Utajua la kusema. Siku zote unajua la kusema.

Hawa

*

Kabambare, tarehe 11, mwezi wa saba 1937

Kwa Hawa,

Musafiri alifika jana. Jana ile ile ya Jumamosi. Sikiliza ilivyokuwa, na sitaongeza chumvi, maana chumvi yote imekwisha nyumbani.

Asubuhi Madamu ametoka na viatu virefu. Bwana Tumbaku amesimama zizini, bunduki ameiegemeza kwenye nguzo. Watu wa shamba wote wamepata sababu ya kupita hapo. Sijapata kuona watu wengi hivyo wanaotafuta jembe lililopotea. Grégoire ametoka na ndoo yake ya jikoni ananiambia, "Saisi wa sultani, leo utachangia sikio gani?" Mi nimeshika tandiko mukononi. Kaporali ameliona, akalaza masikio.

Mara tunasikia kengele ya baiskeli. Musafiri anapanda kilima, mwekundu kwa vumbi, anaanguka yeye na nguo zake zote mbele ya Bwana, anasema, "Faradji! Muke wako amesema usome kabla ya kumeza mate!"

Nilisoma neno moja. Halikuhitaji la pili.

Niligeuza mukanda, nikapitisha kidole. Iko pale, ngumu. Nikaenda kwa Kaporali, kiwiko juu, nikaweka kiganja nyuma ya muguu wake wa mbele. Hawa, nywele za pale karibu zimekwisha. Chini ya manyoya yaliyobaki kuna kidonda chenye pembe nne, sawasawa na hirizi, utasema ni muhuri wa posta. Wiki tatu na nusu nimekuwa namtia muhuri kila siku, na kila siku ananiambia kwa njia pekee anayoijua, na mi namjibu kwa kuvuta.

Ningeweza kuikata kimya nikaitia mufukoni. Nilifikiri hivyo, nakuambia ukweli. Ningesema, "Bwana, mukanda huu mubovu." Lakini Bwana amekwisha kuona masikio yale, na mukono umekwenda kwenye bunduki, na ananiambia, "Tandika, saisi. Nataka kuona."

Nikasema, "Bwana, sitandiki."

Kilima kizima kikageuka kunitazama. Hata jembe lililopotea.

"Unasema nini?"

"Sitandiki, Bwana. Huyu hana kosa. Mwenye kosa ni mimi." Nikachukua kisu nikakata uzi mbele yake, nikamwekea hirizi mukononi. "Mimi niliishona ndani. Nilifikiri itamtuliza. Imemtoboa ngozi. Angalia hapa, Bwana."

Akaangalia kidonda. Akaangalia hirizi, akaibonyeza kwa kidole gumba mupaka akakunja uso. "Wewe umetunza farasi arobaini," anasema, "na hukujua kwamba kitu kigumu chini ya mukanda kinaumiza?"

Hapo, Mama Faida, nilitafuta hadithi. Zilikuwepo tatu, nzuri sana. Nikaangalia Kaporali, naye ananiangalia kwa jicho la upande wangu.

"Bwana, huyu ndiye wa kwanza."

"Wa kwanza namna gani?"

"Farasi wa kwanza kumugusa. Arobaini nilisema tu. Niliyemjua ni punda, na huyo punda hata si wangu, ni wa muke wangu."

Grégoire alicheka mupaka akakaa ndani ya ndoo. Watu wa shamba walicheka mupaka wakasahau jembe. Bwana Tumbaku hakucheka. Alimwambia Madamu maneno mengi ya Kifaransa. Madamu akaja mupaka begani kwa Kaporali, mi nikasema, "Kiwiko, Madamu, kiwiko!" na nikamwonyesha. Akainua kiwiko chake. Kaporali akageuka, akakiona, akafikiri, akarudi. Madamu akakunja shati lake la mukono murefu akaomba maji na chumvi, akaosha kidonda yeye mwenyewe.

Kisha Bwana akasema: "Wiki mbili. Kidonda kipone. Jumamosi tarehe 24 utamtandika mbele yangu. Akitulia, ufunguo ni wako. Akiuma, yeye risasi, na wewe utashuka kilima ukiwa umebeba burushi yako." Bunduki akairudisha ofisini. Lakini aliirudisha.

Kwa hiyo bado hatujaokoka, tumeahirishwa tu. Na jina langu la Saisi Mukuu limekufa. Sasa wananiita Arobaini. "Arobaini, leta maji!" "Arobaini, shikamoo!" Hata watoto. Naitika. Kaporali leo asubuhi ameniita kama kawaida.

Faradji

*

Kasongo, tarehe 16, mwezi wa saba 1937

Kwa Baba Faida,

Nimesoma mara tatu. Nilipofika kwenye "huyu ndiye wa kwanza," niliiweka barua chini nikaenda kuangalia mihogo, na haikuwa na kitu cha kuangaliwa. Baba aliniuliza kuna nini. Nikamsomea. Akasema, "Siku za mwizi ni arobaini, za huyu ni farasi arobaini." Halafu akasema, "Sasa ninaye mkwe."

Maji ya chumvi asubuhi na jioni. Hakuna tandiko hata siku moja mpaka ngozi mpya iwe kavu. Lakini kila siku mshikie mkanda tu, mwonyeshe, umguse nao polepole, uuondoe. Ajue kwamba umebadilika. Wanyama hawaamini maneno, na hilo kwako litakuwa kazi.

Nakutumia kipande cha kanga yangu ya zamani, ile ya njano niliyombebea Faida. Imefuliwa mpaka imekuwa laini kama sikio la mbuzi. Uzungushie mkanda wote, ushone kwa nje. Nimesema kwa nje.

Vyungu nimevifunga tayari. Ukifukuzwa, rudi ukiwa umeinua kichwa. Pamba inalimwa na watu, na mimi nitakuwa kwenye mstari wa pili. Usipofukuzwa, niite.

Hawa

*

Kabambare, tarehe 25, mwezi wa saba 1937

Gaston, ndugu yangu wa kamyo, salamu. Hii nimeiandika kwa herufi unazozijua, kwa makusudi. Ifungue. Simama pale pale uani, uisome kwa ile sauti yako ya katekista. Ngoja kwanza Célestine aweke muchi chini. Ngoja baba mukwe asogeze kiti. Tayari?

Watu wa Kasongo, mi Faradji, ninayeitwa Arobaini, nawasalimu. Masikio yangu yako mawili, njooni muhesabu. Farasi wa sultani hawakuwepo. Mamba yule hakuwepo pia. Supu ilikuwa na pilipili nyingi.

Jana, Jumamosi, nilimtandika Kaporali mbele ya Bwana Tumbaku, Madamu, Grégoire na kila mutu aliyepoteza jembe. Nilimfunga kamba fupi. Nilisimama begani, uso kwa mukia, kiwiko juu. Nilimsugua, akasinzia. Niliweka tandiko. Kisha nikachukua mukanda uliovikwa kanga ya njano, nikauvuta kidogo. Nikamtembeza. Nikavuta tena. Hapo akageuza shingo, Bwana akatoa kiko mudomoni, na mi nikaacha kuvuta. Kaporali akaja polepole, akaweka mudomo kwenye kanga, akainusa kwa muda murefu. Nadhani alisikia harufu ya mutoto wetu, ambaye naye anauma. Akashusha pumzi. Akarudisha kichwa mbele. Nikavuta mara ya tatu. Madamu akapanda, wakazunguka shamba lote la kahawa, wakarudi, na hakuna mutu aliyetoka damu isipokuwa Grégoire, aliyejikata na kisu chake cha vitunguu kwa kushangaa.

Bwana Tumbaku akaniuliza, "Nani alikufundisha?"

Nisikilizeni ninyi wanawake wanane, na kama mumekuwa tisa, afadhali. Nikasema hivi, kwa sauti ya kusikika mupaka bondeni: "Aliyenifundisha ni Hawa binti Assumani wa Kasongo. Alitandika punda aliyeogopwa na baba yake tangu ana miaka kumi. Kiwiko ni chake, kuvuta mara tatu ni kwake, kanga ni yake, na aliyejua nilipokosea bila kumwona farasi hata siku moja, kwa kusoma tarehe tu, ni yeye. Mi nilikuwa mikono tu." Mutu anayejisifu kama mi anajua vizuri sifa ikiwa ya kweli, kwa sababu ni nzito, haielei mudomoni.

Baba mukwe, nisamehe habari ya punda. Imetoka.

Sasa Gaston, kunja karatasi, tikisa bahasha. Kitakachoanguka ni ufunguo. Mupe muke wangu mukononi, si kwa dada yako, si kwa Célestine. Ndiyo ufunguo wa nyumba, na mwingine hakuna. Nimefagia nje, nimeweka maji ya kutosha, mulango nimeufunga. Mi nalala zizini na Kaporali. Sitaingia ndani ya ile nyumba mupaka mwenyewe afike aifungue.

Hirizi imerudi mukono wa kushoto, juu ya kiwiko.

Faradji